Klachi ya Slipa

Juzi mtoto wangu wa mwisho alisogeza mguu karibu na jiko la makaa, na ncha ya slipa yake ikaungua. Mimi nilikuwa chumba cha pili nakunja nguo. Harufu ilinifikia kabla ya moshi, nikabaki nimesimama na shati mkononi, nikingoja kusikia sauti ya baba yangu ikiniita mimi bintiye kama alivyozoea, "Mama, niletee ile spana ndogo." Baba yuko hai. Yuko kijijini anafuga ng'ombe wake na kulalamikia magoti. Lakini sauti niliyoingoja ilikuwa ya mwanamume mwingine, kijana kuliko nilivyo mimi leo, aliyelala kifudifudi kwenye sakafu ya saruji akichungulia tumbo la lori dogo la bati.

Wenzangu wa rika langu mnazikumbuka slipa zile. Juu nyeupe, chini bluu, kamba bluu. Zilikuwa za kuogea, za kwendea choo, za kwendea dukani, na kwa wengi wetu za kwendea shule. Kamba iking'oka, ulipitisha pini au msumari chini yake na maisha yakaendelea. Ukizikuta mlangoni ulijua nani yuko ndani, kwa sababu kila mtu alizimaliza kwa namna yake. Mimi nilizila upande wa nje. Mama alizila kisigino, hasa cha kushoto, mpaka nyeupe ikaisha na bluu ikatokea, nyembamba na ngumu kama kipande cha sabuni kilichobaki kwenye kisahani.

Tulikaa Shieywe, pale Kakamega mjini, katika nyumba ya vyumba viwili. Nilikuwa darasa la tano Mama alipofariki. Aliugua muda mfupi. Alienda hospitali akitembea kwa miguu yake, akarudi akiwa amebebwa, na zaidi ya hapo sina maneno ya kuongeza hata leo. Tulimzika kijijini kwa kina Baba, upande wa Isukha, kisha tukarudi mjini watatu: Baba, mimi, na mdogo wangu Timona ambaye hakuwa ameanza shule.

Hakuna aliyeniambia nianze kupika. Majirani walileta vyakula kwa muda, halafu wakaacha, kama watu wanavyoacha kila mahali. Jioni moja Timona akasema anasikia njaa, Baba akaendelea kutazama ukuta, nami nikawasha jiko. Kesho yake jioni ikafika tena. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwenye nyumba. Nilichota maji kwenye mfereji wa mtaa, nikamwogesha Timona, nikafua, nikasonga obusuma, ugali wetu, nikiwa nimepanda juu ya kigoda ili nipate nguvu ya mwiko. Darasani nilisinzia na mwalimu akanisimamisha nyuma ili nisilale, nikajifunza kulala nimesimama.

Sitaki mtu amfikirie Baba vibaya. Hakunywa, hakumpiga mtu, wala unga haukukosa nyumbani. Alienda gereji asubuhi akarudi jioni. Ila alikuwa amezimika. Ungemwuliza jambo, angekutazama kwa upole, na ungeona swali limemfikia, lakini jibu halikuja.

Kilichomwasha ni katoni. Kabla ya kazi ya gereji, Baba alikuwa dereva wa wazungu fulani waliokaa Buyangu wakichunguza ndege wa msituni. Walipomaliza na kufunga mizigo yao, mmoja wao alimwachia katoni yenye gari lililovunjika. Lilikuwa gari la kuchezea, lakini la kuchezewa na watu wazima, la kujiundia mwenyewe kipande kwa kipande. Lilikuwa na mota ya umeme, betri nzito, kisanduku cha kupokea mawimbi, na rimoti yenye antena ndefu kuliko mkono wangu. Yule mzungu alikuwa amelikimbiza kwenye mizizi ya miti mpaka fremu ikapasuka. Mama alisukuma ile katoni chini ya kitanda na kusema nyumba yake si gereji.

Timona ndiye aliyeitoa. Alikuwa na tabia ya kuingia chini ya kitanda kile na kukaa huko, na hatukumwuliza anatafuta nini kwa sababu tulijua. Siku hiyo akatoka akiburuta katoni. Akaichomoa antena mpaka mwisho, akamwelekezea Baba usoni, akasema, "Tembea."

Baba akaichukua rimoti, akaigeuza, akafungua mgongo wake kwa kucha ya kidole gumba. Akauliza, "Unataka gari ya aina gani?"

"Rori ya miwa," akasema Timona. Alikuwa akisema rori, kama wengi wa kwetu. Aliyapenda malori yale yanayotoka Kabras yamerundikwa miwa, yanayopita polepole na kuangusha mua mmoja mmoja kwenye kona.

Basi Baba akaanza kuunda lori la miwa. Fremu aliikata kutoka kifuniko cha sufuria kubwa. Mwili ulikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia, alioupasua, akaunyoosha kwa nyundo na kuukunja upya mpaka ukawa na kichwa, madirisha, na sehemu ya nyuma yenye vyuma vya kuzuia miwa, ambavyo vilikuwa spoki za baiskeli. Magurudumu aliyachonga kutoka tairi kuukuu. Kila jioni alikunja mkeka, akatandaza gazeti sakafuni, akapanga vifaa vyake, na nyumba ikajaa harufu ya solda. Timona alikaa karibu naye akimpa nati hata asizoziomba. Nami nilipika.

Tatizo lilikuwa mota. Ile mota ilikuwa na nguvu kuliko akili. Ukibonyeza rimoti, lori liliruka mbele kama limechomwa sindano, na gurudumu likinaswa na jiwe, mota haikujua kusimama. Iliendelea kuzunguka, na kwa kuwa kitu fulani lazima kikubali kushindwa, kilikuwa ni meno ya gia. Tulisikia trrr, kisha kimya. Baba alitoa gia kwenye redio za kaseti zilizokufa, akazichonga zikaingia, na zote zikavunjika meno. Timona aliyakusanya yale meno kwenye kiberiti.

Ndani ya katoni mlikuwa na kurasa kadhaa za jarida la Kiingereza. Kiingereza cha Baba kilikuwa cha barabarani na cha injini, kikimfikisha anakokwenda bila kupamba. Jumapili moja mchana alizisoma kurasa zile huku kidole kikifuata mstari, akafika kwenye mchoro, akasimama.

"Sli-pa klachi," akasoma. Akarudia. "Slipa klachi."

Klachi aliijua. Alizibadilisha kila wiki kule gereji. Alinieleza pale pale, na nadhani hayo ndiyo yalikuwa maneno mengi zaidi aliyonipa tangu tutoke makaburini: unaweka gia katikati ya sahani mbili za chuma, unatia kitu kinachoshika katikati yake, unabana kwa springi na nati. Gurudumu likikwama, kile kitu cha katikati kinateleza kidogo, mota inazunguka bure, meno yanapona. Ukikaza nati sana, ni kama hukuweka kitu. Ukilegeza sana, mota inalia na gari halitoki mahali.

"Klachi naijua," akasema. "Lakini hii ni ya slipa."

Tukatazama mchoro. Kati ya sahani mbili kulikuwa na kiduara chembamba, kama kilichokatwa kwa kitu cha mviringo. Baba akainua macho, akatazama miguu yangu.

"Mama, wewe ndio uko shule. Slipa ni nini kwa Kizungu?"

Mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba ile. Kitabu chetu cha Kiingereza kilikuwa na ukurasa wa mavazi, na neno hilo lilikuwepo na picha yake. Nikajibu kwa sauti ya mwanafunzi aliyenyoosha mkono. "Ni hii tu, Baba. Kiatu."

"Hebu vua."

Tulianza na yangu. Ilikuwa bado laini, ikasagika ikatoa moshi, na hiyo ndiyo harufu iliyonisimamisha juzi. Ya Timona ilikuwa nyembamba mno, ikakatika. Baba akajaribu raba ya akala zake, ambazo ni tairi tupu, ikashika kana kwamba hakuna klachi kabisa, na meno mengine yakaingia kwenye kiberiti. Tulihitaji raba iliyokanyagwa mpaka ikachoka. Hakuna aliyelisema hilo, lakini wote wawili tulilifikia wakati mmoja, kwa sababu Baba aliacha kunitazama.

Kwetu, nguo za aliyekufa haziguswi ovyo. Hufungwa na kuwekwa mpaka siku ndugu watakapokutana kuzigawa, kila kitu kikapata mtu. Nguo za Mama zilikuwa kwenye sanduku juu ya kabati, na slipa zake zilikuwa humo pia, zimefungwa kwenye gazeti. Baba aliingia chumbani. Tulisikia kufuli za sanduku, moja, kisha nyingine. Alitoka na slipa ya kushoto.

Akapitisha kidole kwenye kisigino. Alikuwa amenoa ncha ya kipande cha bomba ili kimpatie mviringo. Akaweka slipa juu ya ubao, akaweka bomba juu ya kisigino, akapiga nyundo. Kiduara cha bluu kikatoka ndani ya bomba kikaviringika mpaka kwenye mguu wa meza.

Nilichukia. Sitalipamba hilo. Nilihisi amempiga mtu mbele yangu, na mtu huyo hakuwa na namna ya kujitetea. Nilitoka nje nikapuliza makaa ambayo hayakuhitaji kupulizwa, na nilipomsikia Timona akiitwa ashike tochi, niliwachukia wote wawili.

Siku iliyofuata walilipeleka lori kwenye kile kijimwinuko cha murram karibu na mfereji. Mimi nilikuwa kwenye foleni na mtungi wangu. Lori likapanda. Gurudumu la mbele likagonga jiwe, nikasubiri ile trrr, lakini badala yake ikaja sauti nyingine, nyiiii, nyembamba, ya kitu kinachoteleza kwa makusudi. Lori likatetemeka pale pale, likapata nafasi yake, likavuka. Timona alicheka mpaka akakaa chini. Baba alikuwa amelala kifudifudi kwenye vumbi, shavu karibu ligusane na udongo, ili aone klachi ikifanya kazi, naye akacheka. Ilikuwa sauti niliyoisahau. Nilifurahi, na wakati huo huo mtungi ulikuwa umejaa na hakuna aliyegeuka kuniona nikiuinua. Nimejaribu miaka mingi kutenganisha mambo hayo mawili, furaha na hasira, na sijaweza.

Gari lenyewe halikudumu, betri ilizeeka ikagoma kujaa. Lakini wakati huo lilikuwa zima, na siku ile ile ya ushindi ndipo Senje Rispa alipotokea.

Senje ni shangazi, dada ya baba. Huyu alikuwa mkubwa kwa Baba, ameolewa Kabras, mwanamke wa shamba la miwa mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya mto. Alikuja na kuku kwapani. Akatukuta pale mferejini: mimi nimejitwika mtungi, ndugu yake amelala chini.

"Mulembe," alisema, kwa sauti isiyo na salamu ndani yake. "Jairo, wewe ni mtu mzima?"

Baba akainuka akijipangusa. "Dada, karibu. Ona hii gari, tumeitengenezea—"

"Sijauliza gari. Huyu mtoto anabebanga maji kila siku?"

Baba akanitazama, akautazama mtungi. "Anasaidianga."

"Anasaidianga nani?"

Senje alinitua mtungi, akaubeba yeye, kuku bado kwapani, na tukaenda nyumbani nyuma yake. Alipika mwenyewe siku hiyo. Mimi nilisimama karibu na jiko nisijue nikae wapi.

Jioni nilimsikia akiongea na Baba nyuma ya pazia. Hakuwa na uwezo wa kunong'ona. "Siku ya kugawa vitu vya marehemu, wazee wakiwa pale, hata hii maneno ya watoto itaisha. Nitaenda nao Kabras. Huyu msichana amekuwa bibi ya nyumba na hajamaliza hata shule ya msingi."

Nilisubiri Baba aseme neno. Hakusema.

Nilikuwa nimeshaona kugawa. Nyanya alipofariki nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka mkeka katikati ya uwanja, nguo zimerundikwa, mtu akiinua gauni na kuuliza, "Hii ni ya nani?" na mkono mmoja ukinyooshwa. Sasa nikaelewa, kwa akili niliyokuwa nayo, kwamba sisi pia tulikuwa vitu vya Mama. Tungewekwa kwenye mkeka. Kwenda Kabras hakukunitisha sana, Kabras kulikuwa na binamu. Nilichoogopa ni kwamba sahani za Nyanya zilikuwa seti moja na ziligawanywa kwa watu tofauti, na kwamba Baba, aliyekaa kimya nyuma ya pazia, asingenyoosha mkono.

Kwa hiyo nilijiandaa. Asubuhi ya siku ya kugawa nilimwogesha Timona nikamkwangua magoti. Mimi nilivaa sare ya shule, ijapokuwa ilikuwa Jumamosi, ili nikiinuliwa watu waone kwamba nasoma. Nikamwambia Timona anishike mkono na asiuachie hata akiitwa kwa jina. Akauliza lori atalishika na nini. Nikamwambia kwa mkono wa pili.

Kijijini watu walikuwa wamejaa uwanjani. Wazee walikaa kwenye viti, wanawake chini, na kaka mkubwa wa Baba, ambaye sote tulimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha shule ya sekondari, ndiye aliyeongoza. Mkeka ulitandikwa. Sanduku tulilokuja nalo kutoka mjini likafunguliwa na harufu ya Mama ikatoka, ikakaa nasi kidogo, ikaenda. Mdogo wake Mama alipata sweta. Gauni la kanisani likaenda kwa mke wa Mwalimu. Mambo yakaenda taratibu, watu wakilia kidogo na kunyamaza, mpaka Senje Rispa akafikia chini na kutoa lile gazeti.

Akalifungua. Akainua slipa ya kushoto, na watu wote waliona mwanga ukipita kwenye kisigino. Akaingiza kidole kwenye tundu.

"Hii imekuliwa na nini? Panya?"

"Ni mimi nilikata," akasema Baba.

Baba akasimama. Hakuwa mtu wa kuongea mbele ya watu, akaeleza vibaya, akianzia katikati: mota, meno ya gia, mchoro, raba. Alinyoosha mkono kuelekea lori la Timona kama mtu anayemtaja shahidi wake. "Kitabu imeandika itumie slipa," akamaliza.

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Kitabu kimeandikaje hasa?"

"Slipa klachi."

Mwalimu akaanza kucheka, akajizuia, na huko kujizuia kulikuwa kubaya kuliko kicheko. "Jairo, hiyo si slipa ya mguu. Wanasema klachi ya kuteleza. Inayoteleza. Kiatu hakiko hapo."

"Sripa si ya mguu?" akauliza mzee mmoja asiyesikia vizuri. "Sasa ni ya nini?"

"Hata sisi shuleni ni kiatu," nikasema. "Iko na picha." Hakuna aliyenisikiliza. Nilikuwa namtazama Baba. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtoto aliyeambiwa jibu lake ni baya baada ya kuliandika ubaoni, na nikaona anaitazama ile slipa mkononi mwa dada yake, akielewa kwamba angeweza kutoikata.

"Lakini ilifanya kazi," akasema, kwa sauti ya chini.

"Ndio hii nilikuwa nasema," Senje akawageukia wazee. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Mimi simtukani ndugu yangu. Ana uchungu, hata mimi niko na uchungu, huyu mama alikuwa rafiki yangu. Lakini mtu amekata kiatu ya marehemu kwa sababu ya gari ya mtoto. Watoto nitaenda nao. Muhonja, njoo. Leta Timona."

Hapo nikajua zamu yetu imefika. Nikamvuta Timona. Sikwenda alipo Senje. Nilienda kwenye mkeka, nikavua viatu pembeni, nikakaa katikati ya nguo chache zilizobaki, nikanyoosha sketi ya sare yangu, nikamkalisha Timona karibu nami na lori lake.

"Muhonja," Mwalimu akaita, "unafanya nini hapo?"

"Nangoja tugawiwe," nikasema. "Lakini naomba tugawiwe pamoja."

Nilisikia mwanamke mmoja akisema, "Awoo, Mungu wangu." Kisha nikamsikia Baba.

"Watoto si nguo, Rispa. Nguo mgawe. Watoto wangu hapana."

"Hata mimi sijasema ni nguo." Senje alikuwa bado ameshika slipa. "Ile siku nilikuuliza huyu mtoto anasaidianga nani na hujanijibu. Kwa nyumba yako, nani anapikanga?"

Baba akautazama mkeka.

"Nani anapikanga, Jairo?"

"Muhonja."

"Na maji?"

"Muhonja."

"Na shule anasomanga saa ngapi?"

Baba alikuja mpaka kwenye mkeka, akachuchumaa mbele yangu. Akauchukua mkono wangu, akaugeuza kiganja juu, kama alivyokuwa akigeuza vipuri vyake kutafuta palipoharibika. Palikuwa na alama ya kishikio cha mtungi, na juu ya kidole gumba kovu la sufuria. Alilitazama lile kovu. Nilimwona akijaribu kukumbuka niliungua lini, na nikaona hakumbuki, kwa sababu sikumwambia na hakuuliza. Akanirudishia mkono wangu mapajani, polepole. Akasimama, akavuka uwanja, akainamisha kichwa, akaingia jikoni.

Msomaji asiye wa kwetu huenda asilione jambo hili kwa uzito wake. Siku hizo, mwanamume wa rika la Baba hakuingia jikoni kwa wanawake, tena mbele ya wazee, tena akiwa na msiba. Angekaa na njaa mpaka mtu arudi. Wanawake waliokuwa ndani walitoka wakicheka kwa kushtuka, mitandio mdomoni. "Jairo, toka, utatuaibisha," mmoja akasema. Tulimsikia akiomba sufuria ndogo. Tukasikia akiomba unga. Kisha mlango ukajaa watu wanaochungulia, na sisi tuliokuwa kwenye mkeka tukabaki na sauti tu: kikohozi chake kwenye moshi, kuni zikivunjwa, mwiko ukigonga kuta za sufuria bila mpango.

Alitia unga kabla maji hayajachemka. Hilo nililijua kwa kusikia, na mwili wangu wote ulitaka kuinuka nikamsaidie, nikamnyang'anye ule mwiko. Senje akaniwekea mkono begani. "Kaa," akasema.

Alitoka macho mekundu, majivu kwenye nywele, sahani mkononi. Obusuma ile haikuwa na umbo. Ilikuwa na mabonge meupe ya unga mkavu, na upande mmoja ilikuwa imeshika moto. Akaiweka mbele yetu juu ya mkeka, pale pale penye nguo za Mama, na bakuli la mchuzi wa ingokho, kuku wa kwetu, alilopewa na mtu mlangoni. Alitunawisha mikono, kwanza Timona, kisha mimi. Akaketi chini.

Timona akamega, akatafuna. "Ni mbichi," akasema, na wazee wakacheka.

Baba hakucheka. Alikuwa anamtazama dada yake. Senje Rispa akaweka ile slipa chini, akajivuta akakaa mkekani nasi, akanawa, akamega tonge, akalichovya. Alitafuna kwa muda mrefu. Kila mtu alimtazama akimeza.

"Ni mbichi kweli," akasema. Akamega tena. "Kesho utangoja maji ichemke kwanza."

Kesho. Nililishika neno hilo nikalirudia moyoni nikiogopa huenda sikulisikia sawa. Mwalimu akakohoa, akauliza leso iliyobaki ni ya nani, na mambo yakaendelea. Sisi tukala ile obusuma mbichi yote.

Tulirudi Shieywe watatu, kabla giza halijaingia. Baba akavua koti, akachukua mtungi, akaenda mferejini mwenyewe, na kupitia dirishani nikamwona amesimama kwenye foleni kati ya wanawake na watoto. Mimi nilikaa kitandani nikiwa bado na sare. Mikono yangu ilikuwa mapajani na sikujua niifanyie nini. Nikaitazama hivyo mpaka usingizi ukanichukua, nikiwa nimekaa, na aliyenilaza na kunifunika ni Baba.